Niliteremka maporomoko saba ya Mauritius na viatu viwili, nikapanda na kimoja

MiwaTupu #1

Wakuu, shikamooni kwa wakubwa, wengine mambo vipi.

Mimi ni wale wa kusoma na kupita, ila hili nimeona niliandike kabla sijalisahau. Mei mwaka jana ofisi ilinituma Mauritius wiki tatu kwenye mafunzo ya miwa. Miwa ndiyo kazi yangu tangu nitoke chuo, kwa hiyo anayesubiri habari za hoteli za ufukweni ajiondokee mapema, sikulala huko. Nililala Vacoas, mji wa juu katikati ya kisiwa, ambako asubuhi ya Mei unavaa sweta kama uko Lushoto.

Jumamosi ya pili tukawa huru. Mwenzangu wa mafunzo, Mganda mmoja mpole anayependa picha kuliko chakula, akasema twende Tamarind Falls. Wenyeji wanayaita Sept Cascades, maporomoko saba. Mto ni mmoja, unatoka kwenye uwanda wa juu na kudondoka korongoni ngazi kwa ngazi, jumla yake karibu mita 293, kisha unakwenda zake kimya kimya mpaka ghuba ya Tamarin upande wa magharibi. Hiyo saba ni jina tu. Ukihesabu na yale madogo unapita kumi, na kila mwenyeji ana hesabu yake.

Tulipanda basi la Henrietta, tukashuka mwisho wa njia, tukaingia kwenye miwa. Hapa mniruhusu nisimame kidogo. Katikati ya mashamba ya kule kuna vilima vya mawe meusi, vimepangwa kama piramidi, vingine vina kimo cha nyumba. Kisiwa chote ni zao la volkano, ardhi ilijaa mawe, na ili muwa uote ilibidi yaokotwe moja moja kwa mikono. Kwanza mikono ya watumwa, kisha ya vibarua walioletwa kutoka India. Najua kazi ya kusafisha shamba. Nilisimama mbele ya lundo moja nikajaribu kupiga hesabu limekula siku ngapi za mtu, nikashindwa nikaacha. Mganda akawa ameshanitangulia, ananiita.

Mwisho wa miwa, pale magari yanapoegeshwa, wakatokea vijana watatu. Huwezi kushuka bila mwongozaji, ni sheria. Bei rupia 1,500 kwa kichwa. Sasa mimi nimekulia stendi, wakuu. Nimeshaambiwa basi la mwisho limejaa huku naliona tupu kwa macho yangu. Nikacheka, nikashukuru, nikapita. Mmoja wao, mwenye rasta, hakubishana. Aliangalia juu, upande wa uwanda, akasema kwa Kiingereza chake: basi msichelewe kurudi.

Naendelea usiku, mtoto anaitaka simu.

---

Kinyozi wa Feri #2

Siti ya mbele nimeshakaa, na kahawa ninayo. Tiririka.

---

mama_kirua #3

Picha ziko wapi kaka? Uzi bila picha ni chai.

---

Mzee wa Matai #4

Vijana mna hela za kuchezea. Kalambo ipo hapa Rukwa, zaidi ya mita 200, maji yanashuka mara moja bila kupumzika, na huendi. Sanje ipo Udzungwa, mita 170. Materuni pale Moshi unakwenda na kurudi ukanywa na kahawa juu. Wewe unavuka bahari kwenda kuona maji yanayoshuka kwa ngazi kama mgonjwa.

---

MiwaTupu #5

Mzee shikamoo. Sanje nimefika mara mbili, Kalambo nadaiwa, nakiri. Ila nauli ililipwa na ofisi, ningekataa?

Mama Kirua, picha zote zilikuwa kwenye simu ya Mganda. Simu ya Mganda utaisikia habari zake sehemu ya pili.

---

BintiTumbatu #6

Mie nauliza kabla hujaendelea. Sisi Unguja tuna mvua, tuna msitu Jozani, mbona hatuna maporomoko ya maana? Kisiwa na kisiwa, kwa nini wao wapewe sisi tunyimwe?

---

Ticha wa Chaki #7

Dada, nikujibu kidogo wakati tunamsubiri mleta mada.

Maporomoko yanataka vitu viwili, kimo na mwamba mgumu unaoyabeba maji juu ya ardhi. Unguja karibu yote ni jiwe la matumbawe na chokaa, na mahali pa juu kabisa, Masingini, hapafiki mita 130. Mvua ikinyesha maji yanazama, yanapita mapangoni, ndiyo mnayachota visimani. Mauritius ni volkano toka chini ya bahari, mamilioni ya miaka ya lava tabaka juu ya tabaka, kilele chake kina mita 828. Ukubwa hakijaipita Unguja sana, tofauti iko kwenye kimo.

Kuna na upepo. Kule upepo unavuma kutoka kusini-mashariki, ndugu yake kusi letu. Unabeba unyevu wa bahari, unagonga uwanda wa katikati, mawingu yanamwaga. Pale juu mvua inafika hata milimita 4,000 kwa mwaka, na pwani ya magharibi, mwendo wa nusu saa tu kwa gari, haifiki 1,000. Kwa hiyo unaweza kuwa unaota jua bondeni huku mto wako huo huo unanyeshewa juu. Nadhani ndicho alichokuwa anakiangalia yule kijana mwenye rasta.

---

MiwaTupu #8

Ticha umenimalizia hadithi! Haya, sehemu ya pili.

Pale juu kuna mahali pa kuchungulia. Unaona korongo lote, maji meupe yamekatwa vipande vipande na kijani, na kwa mbali kabisa kipande cha bahari. Wakapita ndege wawili weupe wenye mkia mrefu mwembamba kama unyasi, wanaelea chini yetu. Chini yetu, wakuu, sisi tuko juu tunawaona mgongo. Kwa Kifaransa wanaitwa paille-en-queue, na shirika la ndege la kule limemchora ndege huyo kwenye nembo yake.

Njia ya kushuka si njia. Ni mizizi, udongo mwekundu, na mahali pengine kamba iliyofungwa kwenye mti na mtu usiyemjua. Inagawanyika kila hatua ishirini, na kila tawi linaonekana ndilo. Mimi nilivaa raba za kawaida, zile za kwenda nazo sokoni. Kosa la kwanza hilo, ukiacha lile la stendi.

Msitu wenyewe ulinipendeza mno. Mnene, una giza, una harufu ya udongo mbichi, na kila mahali vichaka vya mapera madogo mekundu, saizi ya gololi kubwa. Mei ni msimu wake. Ni matamu na machachu kwa pamoja, kule barabarani wanayauza kwenye mfuko yakiwa yamepigwa chumvi na pilipili, kama embe bichi la kwetu. Tulikula tukishuka. Nikamwambia Mganda, ona msitu wa asili huu, sisi tumemaliza wa kwetu kwa mkaa. Kumbukeni maneno hayo, nitayarudia kwa aibu.

Bwawa la kwanza tukaoga. Maji baridi ya kukata pumzi, ila ukishazoea hutaki kutoka. Nyuma ya pazia la maji kuna sehemu ya kusimama, unasikia mlio kifuani, sio masikioni. Mganda akaacha begi kwenye jiwe. Wakaja tumbili. Hawakuwa na haraka hata kidogo. Mkubwa alifungua zipu (nasema alifungua, hakurarua), akatoa dholl puri zetu nne, zile chapati nyembamba za dengu, akakaa anakula anatutazama. Simu akaichukua mwingine, akainusa, akaona si chakula, akaiacha iteleze majini. Ndiyo habari ya picha hiyo, Mama Kirua.

Mtu mwenye akili angerudi hapo. Sisi tukasema tumeshapoteza simu, walau tufike chini. Tukavuka mto kwenye mawe kwenda upande wa pili, maji chini ya goti, kwa sababu njia ya huko ilionekana nzuri zaidi. Tukashuka poromoko la tatu, la nne. Jua linawaka, bondeni hakuna hata wingu.

Kilichobadilika kwanza ni sauti. Nilijua kuna kitu kabla sijajua ni kitu gani. Mto uliokuwa unaongea ukaanza kuguna. Kisha yakaja majani makavu na vijiti juu ya maji, kisha rangi ikageuka chai ya maziwa. Mawe ya kuvukia yaliyokuwa mbele yetu, nikiyaangalia hivi, likazama moja. Likazama la pili. Nikakimbilia lile kubwa lililobaki, mguu mmoja nimeshauweka majini, mto ukanivuta kiatu kama mtu anavyomvua mtoto viatu. Nikarudi nyuma nimekaa chini, nimeshika mzizi, moyo unapiga kama mashine ya kusaga.

Ng'ambo ndiko ilikokuwa njia ya kutokea.

---

Kinyozi wa Feri #9

Aisee! Usikatie hapo.

---

mndamba asilia #10

Hii harufu ya majani ya chai naisikia mimi peke yangu? Tumbili kafungua zipu?

---

Binti wa Magomeni #11

Mndamba wewe hujawahi kuibiwa na tumbili. Jozani waliniibia miwani usoni.

---

NzwaniYangu #12

Salamu kwenu ndugu zangu, mimi ni wa Komoro, Anjouan, ambayo sisi twaiita Nzwani. Nasoma hapa kila siku lakini leo umenigusa.

Kwetu nako kuna maporomoko, ni kisiwa cha volkano kama hicho. Babu yangu alikuwa akitutajia mito ambayo kwake ilikuwa ikitiririka mwaka mzima. Mingine leo ukienda kiangazi unaikuta mawe matupu, kina mama wanafukua mchanga wapate maji ya kufulia. Misitu ya juu imekatwa, watu wamekuwa wengi, mlima umelimwa mpaka kileleni. Na mlangilangi nao umechangia. Yale maua yanayotiwa kwenye manukato ya Ulaya, ili upate mafuta yake lazima uyachemshe saa nyingi kwa kuni. Kuni zinatoka wapi? Huko huko kwenye vyanzo vya mto.

Kwa hiyo ukiona maporomoko yenye maji Mei, mwezi wa mvua kuondoka, shukuru. Endelea bwana.

---

MiwaTupu #13

Karibu sana ndugu yangu wa Nzwani. Nilidhani mlangilangi ni wa shada la bibi harusi tu, kumbe unakula msitu.

Sehemu ya tatu. Tulikaa pale muda wa karibu saa mbili nzima. Mganda alisali, mimi nilikuwa natafuta pa kuvukia, kila nilipoona pamepungua nasogea, yeye ananishika shati. Namshukuru kwa lile shati.

Ikasikika mbinja. Ng'ambo, juu kidogo yetu, yule mwenye rasta, yuko na wazungu wawili amewafunga kamba kiunoni. Anatupungia mikono kwa kukataza, anapaza sauti: "Pa traverse! Pa traverse!" Kikrioli, lugha yao ya kila siku, yaani msivuke. Akatuonyesha kwa kidole juu, tupande ubavuni mwa korongo, tusishuke kwa mto. Akawapeleka wageni wake mahali pakavu, kisha kama dakika arobaini baadaye akatutokea nyuma, upande wetu! Mpaka leo sijui alivukia wapi. Nilimuuliza, akacheka, akasema hiyo ndiyo 1,500.

Kupanda ndiko kulikoniua. Mguu mmoja kiatu, mwingine soksi, baadaye soksi nayo ikabaki kwenye mwiba. Kila tukipumzika anazungumza, nadhani alikuwa anatutoa hofu.

Nikamsifia msitu. Akaniangalia kama mtu aliyesifia wigi. Akaanza kunyooshea kidole. Hayo mapera yaliletwa, ni ya Brazili japo wanayaita ya Kichina, na yanasonga kila mti unaotaka kuota. Ule unaofanana na mgomba uliopanuliwa kama feni, ule mnaouona kwenye bustani za mahoteli, ni wa Madagaska, umeletwa. Tumbili wameletwa. Swala na nguruwe pori wameletwa, swala na Waholanzi kutoka Java, meli moja na miwa, mwaka 1639. Kisiwa hakikuwa na mnyama wa nchi kavu anayenyonyesha, ila popo tu. Mpingo wao waliukata Waholanzi, dodo, yule ndege wao mkubwa asiyeruka, kaisha kabla ya karne hiyo kumalizika. Msitu wa asili ulio mzima haufiki asilimia 2 ya kisiwa, na sehemu kubwa imebaki kwenye hifadhi ya Black River Gorges, ng'ambo ya milima, ambako wameweka uzio na wanang'oa mapera kwa mikono. Huko ndiko waliko kozi wao, ndege wa kuwinda ambaye mwaka 1974 walibaki wanne tu wanaojulikana porini, wakalelewa, wakarudishwa, sasa ni mamia.

"Na ninyi?" nikamuuliza. Nilikuwa natania.

"Sisi pia," akasema. "Hapa hakuna aliyeota."

Akaniuliza natoka wapi. Tanzania. Tanzania wapi? Nikasema Masasi, karibu na mto Ruvuma, ng'ambo ni Msumbiji. Akasimama. Bibi yake alikuwa akiwaambia wao ni "Mozambik", hajui zaidi ya hapo, si kijiji, si kabila, si neno moja la lugha. Mimi ni Mmakua, wakuu. Ndugu wa babu yangu wamejaa ng'ambo ya Ruvuma. Tuliangaliana pale, mimi na mguu wangu mtupu, yeye na kamba yake begani, tukakosa la kusema. Mganda akasema, mnafanana masikio. Tukacheka mpaka tukakaa chini.

Alikataa kuzidisha bei. 1,500 kila mmoja, ile ile ya asubuhi. Nilimpa.

---

Msasi wa Kivinje #14

Mleta mada, hapo kwenye "Mozambik" nami nichangie, maana mimi ni wa Kilwa na mambo haya hatupendi kuyataja.

Hicho kisiwa kabla ya Wazungu hakikuwa na wakazi. Waholanzi walikaa tangu 1638, wakaondoka 1710. Wafaransa wakakichukua 1715, wakakiita Isle de France, wakataka watu wa kulima. Wengi walitolewa Madagaska na Msumbiji. Ila mwaka 1776 Mfaransa mmoja, Morice, alifika Kilwa akaandikiana mkataba na Sultani, watumwa 1,000 kila mwaka, kwa bei ya piasta 20, sarafu za wakati ule, kwa mtu. Waliotiwa melini hawakuwa watu wa mjini Kilwa. Walitoka bara, walitembezwa kutoka huko huko kwenu Ruvuma na kuelekea Nyasa, Wayao, Wamakua na wengineo. Wakifika ng'ambo, mwandikishaji anaandika jina la bandari au la pwani nzima. Ndiyo maana bibi yake hana kijiji.

Waingereza walikiteka kisiwa 1810, utumwa ukafutwa tarehe 1 Februari 1835. Waliotoroka kabla ya hapo walijificha kwenye makorongo kama hilo ulilovulia kiatu, na kwenye mlima Le Morne, ambao UNESCO waliuandikisha mwaka 2008. Wenyeji husimulia kwamba askari walipopanda Le Morne kuwapa habari ya uhuru, waliokuwa juu walidhani wanakuja kukamatwa, wakajirusha.

---

Mzee wa Matai #15

Nafuta ile ya mgonjwa.

---

mndamba asilia #16

Msasi, kwa hiyo unataka kusema Sultani wa Kilwa aliuza watu kwa mkataba wa maandishi? Hilo shuleni hatukufundishwa, sisi tulifundishwa Mreno na Mwarabu basi.

---

Msasi wa Kivinje #17

Maandishi, na nakala yake ilihifadhiwa na Wafaransa. Sisemi zaidi, nina wazee nyumbani.

---

Kadzo wa Kilifi #18

Hamjambo majirani, mimi ni Mkenya, Mgiriama. Niko na swali kwa MiwaTupu. Uliwahi kusikia ngoma yao, sega? Kuna chombo niliona kwa video, sanduku bapa la vijiti vya mmea, limejaa mbegu, mtu analitikisa kwa mikono miwili. Nikashtuka. Hiyo si kayamba? Kwetu haikosi kwa sherehe.

---

MiwaTupu #19

Dada Kadzo, nilikiona Jumamosi ile ile. Mwongozaji alitukaribisha kwao jioni, kuna jirani alikuwa na shughuli. Wao wanakiita maravann, na vijiti vyake ni vya ua la muwa, kile kishada cha juu kinachotoka muwa ukikomaa. Mimi huwa nakilaani kikitokea, kwa sababu muwa ukitoa ua unaacha kurefuka. Wenzangu wanacheza nacho! Ngoma ni ravann, kiwambo chake ngozi ya mbuzi, kabla ya kupiga wanaiota motoni ikaze. Hilo nalijua toka Masasi, hakuna aliyehitaji kunieleza kwa nini wamewasha moto wa majani.

---

Salma R #20

Kadzo hujakosea. Mimi naishi Réunion, kisiwa cha jirani, nimeolewa huku. Hapa kinaitwa kayamb. Neno hilo hilo, wamedondosha tu a ya mwisho. Mara ya kwanza nilipomsikia wifi yangu analitamka nilidhani ananitania.

---

Kadzo wa Kilifi #21

Wueh. Nimekaa chini.

---

Nesi wa Kata #22

Samahani nikatishe raha. MiwaTupu, ulipanda na mguu mtupu, una michubuko, umetoka kwenye maji ya mafuriko. Visiwa hivyo vina ugonjwa wa leptospira, unatokana na mkojo wa panya na wanyama wengine, unaingia kupitia kidonda kwenye maji na matope. Mtu akirudi nyumbani akapata homa, macho mekundu, misuli ya miguu inauma, kila mtu anamwambia malaria. Anameza dawa ya malaria, anazidiwa. Homa ikija ndani ya wiki tatu nne, mwambie daktari wazi wazi: niliogelea mtoni. Ina dawa, tena za kawaida, ila ziwahi.

Na wewe ulifanya nini?

---

MiwaTupu #23

Nesi ubarikiwe. Mke wa mwongozaji aliniosha mguu kwa maji ya moto na sabuni bila kuniuliza, sikuelewa kwa nini amekazana vile. Sasa nimeelewa. Sikuumwa.

---

Tozi wa Kigogo #24

Mkuu tupe utaratibu. Viza, nauli, na kuna nyoka?

---

MiwaTupu #25

Viza kwa pasipoti yetu huombi kabla, wanakugongea uwanjani, na Wakenya vile vile. Ila watataka tiketi ya kurudi, mahali pa kulala, na uthibitisho kwamba una hela. Wana fomu ya mtandaoni, ijaze kabla hujapanda ndege. Chukua na cheti cha homa ya manjano usije ukabishana na mtu saa nane za usiku. Kuna jambo lilinishangaza: wao malaria walishaifuta, kwa hiyo mtu akitoka kwetu wanamfuatilia. Siku ya tatu afisa wa afya alinifuata mpaka nilipolala, akanichoma kidole, akachukua tone la damu, akaaga kwa adabu zote. Usikasirike, wana haki yao.

Nauli inategemea na mwezi, sikudanganyi kwa namba ya mwaka jana. Mabasi yao yako vizuri na ni rahisi, na kuna treni ya mjini kutoka Port Louis mpaka Curepipe. Gari wanaendesha kushoto kama sisi.

Nyoka wa sumu wa nchi kavu hakuna. Mamba hakuna, kiboko hakuna. Kinachoua pale ni maji yenyewe na kuteleza. Usiende Januari hadi Machi, ndio msimu wa vimbunga na mvua kubwa. Nenda Mei, au Septemba na Oktoba ukitaka maji machache na njia kavu. Ingia asubuhi, ukifika saa tisa uwe umeshatoka. Viatu vyenye meno. Chakula kwenye chombo chenye mfuniko wa kukaza, tumbili hawanunui wasichokiona. Na ukiona majani makavu yanaelea ghafla kwenye maji yaliyokuwa safi, usisubiri rangi ibadilike, panda juu, upande wowote uliopo.

Mwongozaji si sheria. Nimeulizia baadaye, hakuna anayekukataza kushuka. Walinidanganya hapo, na nilikuwa sahihi kujua wananidanganya. Mlipe tu.

---

mama_kirua #26

Nimeshasamehe picha. Ila huyo Mganda simu yake ilikuwaje?

---

MiwaTupu #27

Ilikaa kwenye mchele siku nne. Ikawaka, ikaonyesha picha moja ya mwisho, imeganda: kidole cha tumbili kimeziba nusu ya kioo, nusu nyingine ni mimi nimesimama chini ya maji nimefumba macho, naonekana kama anayezama. Kisha ikazima moja kwa moja.

---

mndamba asilia #28

Sawa, nimeamini. Tumbili kapiga na picha.

---

Tozi wa Kigogo #29

Mimi naenda Septemba, nimeshakata tiketi toka jana baada ya sehemu ya pili. Nitumie namba ya huyo mwongozaji kwa ujumbe wa faragha.

---

MiwaTupu #30

Nimekutumia. Ukifika msalimie, mwambie wa Masasi. Na ukipita chini ya poromoko la nne, upande wa kulia ukishuka, angalia kwenye mizizi. Raba nyeusi, namba 43, ya mguu wa kushoto. Ya kulia bado ninayo.

---

Tozi wa Kigogo #31

Kama tumbili hajaivaa.